Pikipiki yako ina kilo ngapi?

Nataka gari la kulala safarini ambalo litabeba na pikipiki. Ninunue lipi? (Msomaji, Tabata)

Pikipiki gani, kaka? Swali hili halinipiti mwezi, na kila anayeuliza atanitajia vitanda, friji, hata rangi ya mapazia. Kilo za pikipiki, kimya. Boxer 150 ni kilo kama 120. Mtu mmoja na ubao anaipandisha. BMW R 1250 GS ikiwa na mafuta ni kilo 249. Hiyo ikikulalia saa mbili usiku Ruaha Mbuyuni, utamwita nani? Anza na pikipiki, gari litafuata.

Nina Hiace fupi. Fundi wa Gerezani, Kariakoo, atanichomea keria ya bomba nyuma, Boxer ikae nje, ndani nibaki na kitanda changu. Ni sawa? (Msomaji, Kimara)

Fundi amepima urefu wa pikipiki, uzito hakuupima. Tuupime sisi. Pikipiki na keria yake tuseme kilo 150, zinaning'inia mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma. Kati ya ekseli na ekseli, Hiace yako ina mita 2.57. Kwa hiyo nyuma panaongezeka karibu kilo 240, si 150, kwa sababu mbele pananyanyuliwa karibu kilo 90. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Sasa shuka nayo Kitonga mvua inanyesha.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuwa mjanja kama wewe. Nilikuwa naelekea Morogoro, nikasimama Chalinze kununua mahindi, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Bomba la moshi la gari lilikuwa linapuliza moja kwa moja kwenye tairi la pikipiki. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea kama embe bivu. Kuinama vizuri, pale kwenye uchomeleaji naona ufa mwembamba kama uzi. Matuta yote yale tangu Kibaha yalikuwa yanafanya kazi yake. Pikipiki ilimaliza safari juu ya Fuso lililokuwa linarudi tupu kufuata vitunguu, na bei aliyonitoza dereva ningenunulia keria nyingine.

Ukibaki na Hiace, Boxer iingie ndani na kitanda kiwe cha kukunja ukutani. Keria ikiziba taa na namba, trafiki atakuandikia wewe, si fundi.

Na tela je?

Kwa pikipiki nzito hilo ndilo ninalolipenda, ila likae chini, liwe na taa zake, na mzigo usogee mbele kidogo ya ekseli. Kama asilimia 10 ya uzito wote ikalie ndoano ya gari. Ukirundika nyuma, tela litaanza kuyumba mkia kwenye mteremko, na hapo kukanyaga breki kwa pupa ndiko kunakoligeuza. Kurudi nyuma jifunzie uwanjani, usijifunzie getini kwa mkweo.

Nalala ndani na pikipiki. Petroli inanuka kidogo, nifungue dirisha?

Itoe nje! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, palepale unapoweka jiko la gesi. Ukifika kambini pikipiki inashuka kabla ya godoro kutandikwa. Ya kabureta funga na koki ya mafuta. Na hukuuliza, lakini najua tabia zetu: jiko la mkaa lisiingie garini hata kama moto unafifia. Hewa yake ya sumu haina harufu, na tayari wapo waliolala nayo wasiamke.

Shikamoo mzee. Hilux yangu ya milango minne ina hema la juu. Boxer itaenea nyuma?

Marahaba. Bodi yako ni mita moja na nusu hivi, Boxer ni mita mbili. Isimamishe mshazari, kona hadi kona.

Mikanda miwili kwenye usukani haitoshi?

Haitoshi. Minne, miwili mbele na miwili nyuma. Ya mbele ishike chini ya usukani, pale shokapu zinapokutana, isishike vishikio vya mkono. Kaza hadi shokapu zishuke nusu tu. Ukizilaza kabisa unaua sili za mafuta. Stendi ikunjwe, pikipiki isimame wima kwa mikanda yenyewe. Halafu rasta za barabarani hulegeza kila kitu, kwa hiyo ukifika Kibaha shuka, shika mkanda kwa mkono, kaza upya. Wengi husubiri hadi waisikie imeanguka.

Tukifika Mikumi naweza kuishusha niingie nayo kuangalia wanyama?

Hapana, hifadhini wanyama huzungukiwa kwa gari. Na ile barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, hapo pia iache garini. Ukitaka kuiendesha, shukia Mikumi mjini.