Barua kwa Mwanangu Mwanaisha, Kuhusu Jina Lake

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara tatu. Umeuliza kama hati ya kubadilisha jina inaweza kusajiliwa hapa Mombasa utakapokuja Idd, au ni lazima uishughulikie huko Nairobi, kwa kuwa unataka kitambulisho na pasipoti vikuandike Aisha, kama wanavyokuita kazini. Maoni yangu hukuyauliza.

Inawezekana. Sheria ya Usajili wa Hati, Sura ya 285, inatambua masjala ya Nairobi na ya Pwani iliyo hapa Mombasa, na kanuni za kubadilisha jina ni zile za mwaka 1967. Wakili atakuandikia hati, utaitia saini kwa jina la zamani na kwa jina jipya mbele ya shahidi, isajiliwe, kisha tangazo litoke katika Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalochapishwa siku za Ijumaa. Hapo ndipo uanze na kitambulisho, halafu pasipoti, ushuru, bima ya afya na benki. Cheti cha kuzaliwa usikitegemee, kwa sababu mzazi hupewa miaka miwili tu tangu kizazi kuandikishwa kubadilisha jina la mtoto katika daftari, na wewe umeshapita thelathini. Kwa hiyo hati hiyo itakuwa mwenzio wa safari, na mwenzi wa namna hiyo mimi ninamjua.

Unajua kwamba kitambulisho changu kimeandikwa Kombo, lakini sidhani niliwahi kukueleza jinsi ilivyokuwa. Sheria ilibadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake nao wakaanza kuandikishwa, na mimi nilikwenda mwaka 1980, babu yako akinisubiri nje kwenye kivuli cha mwarobaini. Karani aliniuliza jina, nikamwambia Mwanakombo. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba kila msichana wa Pwani anajiita mwana, na kwamba yeye anaandika jina lenyewe. Nikaiona kalamu yake ikianzia kwenye K. Nilikuwa na miaka kumi na minane na vidole vyangu vyote vina wino, nikanyamaza. Wino niliutoa kwa ndimu jioni ile ile.

Kombo ni jina la mwanamume, na hilo lilinidhihirikia mwaka 1996 babu yako alipofariki. Fedha zake za benki hazikuwa nyingi, lakini orodha ya warithi kutoka kwa kadhi ilinitaja Mwanakombo, binti. Mtumishi wa dirishani alitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akauliza mbele ya watu huyo Bwana Kombo yuko wapi. Mjomba wako Athmani, aliyekuwa amesimama nami, alicheka. Nimemsamehe zamani, ila kicheko kile bado nakisikia, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumzika baba yangu na mtu ananiambia kwa karatasi kwamba mimi si bintiye.

Wakili alinionyesha njia mbili: kula kiapo kwamba Mwanakombo na Kombo ni mtu mmoja, au kutia saini hati ya kubadilisha jina. Hati aliiandaa kabisa. Ilisema kwamba naliacha na kulikana jina langu la awali, Kombo. Niliisoma pale mezani na mkono ukakataa, kwa kuwa kulikana jina hilo kulikuwa ni kukiri kwamba liliwahi kuwa langu. Jina ni amana, mwanangu, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Nililopewa siku ya saba ni la bibi mzaa baba, na hakuna karani aliyelitoa kwangu hata nimwombe anirudishie. Nikala kiapo, nikaondoka.

Lakini niseme ukweli. Kiapo kile nimekibeba ndani ya mfuko wa nailoni kwa karibu miaka thelathini, kimetolewa nakala hadi muhuri umekuwa kivuli, na kila ofisi mpya huniuliza upya. Laiti ningetia saini, ningepumzika. Kwa hiyo sina haki ya kukuambia kwamba hati ile ni kitu kibaya, na huenda kilichonizuia kilikuwa kiburi, si amana. Kisha najibu mwenyewe kwamba la, mimi nilikatwa Mwana na mtu nisiyemjua, na wewe unataka kuikata mwenyewe, na mambo hayo mawili hayafanani. Au pengine ndiyo tofauti inayokupa wewe haki ambayo mimi sikupewa.

Mwana si kiambishi cha kurefusha jina. Kwetu ni heshima ya mwanamke. Wazee wa mji huu walipomtaja malkia wa zamani, kabla ya Shehe Mvita, walimwita Mwana Mkisi. Bibi yako, ambaye jina lake ndilo hilo ulilo nalo, alikuwa akiuza mahamri mlangoni na hakuna mteja aliyethubutu kumwita Aisha tu. Jina ni amana. Lakini naelewa pia kwamba amana hukabidhiwa mtu, na anayesumbuka nayo huko ofisini kila asubuhi ni wewe, si mimi. Nina la kukuambia, na umelijua kabla hujafika hapa. Nalizuia kwa shida.

Ukija Idd, njoo na nakala za kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Wakili yule yule bado yupo, mzee sasa, na nitakupeleka mwenyewe. Ninaomba jambo moja tu: utakapotia saini lile jina la zamani, liandike lote, polepole, na uniache nisimame karibu nikuone ukiliandika.

Mamako,
Mwanakombo