Safu ya Kazi: Zamu imefutwa, nisubiri msimu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 37 na ninaishi Nyakato, jijini Mwanza. Kwa miaka 11 nilifanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, nikianza kama kibarua wa kuondoa miba hadi nikawa msimamizi wa zamu. Mwaka jana samaki walipozidi kuadimika, zamu yetu ilifutwa. Tangu hapo nimezunguka viwanda vya samaki vya hapa mjini nikiacha barua na nakala za vyeti, na kote ninaambiwa nisubiri msimu ukae vizuri. Mume wangu anataka nifungue genge, na wifi yangu ananihimiza niende Geita kwenye dhahabu. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Je, niendelee kusubiri?
Msimamizi asiye na zamu, Nyakato

JIBU: Dada yangu, usisubiri. Anayekuambia usubiri msimu huenda hakudanganyi, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui lori lijalo la samaki litaingia lini. Viwanda vya Mwanza vilijengwa kwa kutegemea sangara wengi na wakubwa, na sasa wanaofika mialoni, wanakoshushwa samaki, ni wachache na wengi wao ni wadogo. Sheria inakataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50, lakini wanavuliwa, na wanaovuliwa kabla ya kuzaa hawawezi kurudi mwakani wakiwa wakubwa. Kiwanda chenye mashine za kutosha na samaki wasiotosha hakiongezi msimamizi, hata kama wasifu wake ni mzuri kama wako.

Tatizo ninaloliona katika barua yako ni kwamba umekuwa ukitafuta kiwanda cha samaki, wakati ulichokifanya kwa miaka 11 kinahitajika mahali pengi ambapo hakuna samaki hata mmoja. Kumbuka jinsi kazi yako ilivyopata sura yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti kwa sababu za usalama wa chakula, na viwanda vililazimika kubadilika ili soko lifunguliwe tena: gambuti na koti jeupe, kidimbwi cha dawa mlangoni, kipimajoto mkononi, na zaidi ya yote daftari la kumbukumbu ambalo mkaguzi anaweza kulifungua saa yoyote. Wewe umelelewa katika nidhamu hiyo, na anayesindika maziwa au kupikia watu 500 kwa siku anaihitaji vilevile.

Sasa tuutazame wasifu wako. Ninabahatisha kwamba umeandika hivi: “Msimamizi wa zamu, sehemu ya minofu, miaka 11.” Mwajiri wa hoteli akisoma mstari huo ataona samaki tu, ataiweka bahasha yako ya kaki chini ya nyingine. Uandike upya kwa kutaja ulichofanya: “Nimesimamia wafanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha chakula kinachouzwa nje ya nchi. Nimepima na kuandika joto la bidhaa na la vyumba vya baridi katika zamu nzima. Nimefundisha vibarua wapya usafi wa mikono, nguo na vifaa. Nimewajibu wakaguzi kwa kutumia kumbukumbu za zamu yangu.” Weka na idadi halisi ya watu uliowasimamia, kwa maana namba hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza kwenye usaili. Usitumie wasifu mmoja kila mahali. Unapopeleka maombi kwenye jiko la hospitali, mstari wa usafi utangulie, na unapopeleka kwenye ghala la vyakula vya baridi, mstari wa joto utangulie.

Wapi, basi? Anza na viwanda vya vinywaji na vya vyakula, hoteli kubwa, maduka makubwa yenye bucha ndani, na majiko ya hospitali na vyuo. Usiwasahau wafugaji wa samaki kwa vizimba, ambao wameongezeka ziwani katika miaka ya karibuni. Wengi wao wanajua kulisha samaki, ila siku ya kuvuna wanahangaika na barafu, upangaji na wanunuzi wanaotaka samaki safi. Huko usipeleke barua. Nenda mwaloni siku ya mavuno, uone kazi inavyokwenda, kisha uzungumze na mwenye mradi.

Wifi yako hakukosea kutaja Geita, ingawa mimi nisingekushauri uende kuchimba. Mgodi mkubwa una kambi, kambi ina jiko, na jiko hilo haliwezi kuruhusu zamu nzima iumwe tumbo. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika madini zinataka migodi itangulize Watanzania katika ajira na katika ununuzi wa bidhaa na huduma, kwa hiyo wewe uwatafute wazabuni wa chakula na usafi badala ya kusimama kwenye geti la mgodi wenyewe. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haitegemei tena foleni ya kivuko, na usaili wa asubuhi unaweza kuuhudhuria ukitokea nyumbani.

Kuhusu elimu, kidato cha nne si kikwazo kama utapata karatasi inayothibitisha ujuzi wako. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini kwa baadhi ya fani, upishi ukiwamo. Uliza ofisi yao ya Mwanza ni fani zipi zinazopokelewa sasa. FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, nao kwenye kampasi yao ya Nyegezi hufundisha masuala ya uchakataji na ubora wa samaki. Jiandikishe pia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira.

Kabla ya yote hayo, kuna haki ambazo hukuzitaja. Mwajiri anayesitisha ajira anatakiwa akupe hati ya utumishi, nayo ina uzito kuliko barua yoyote ya sifa. Kwa mfanyakazi aliyepunguzwa, sheria inaweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Na kama ulichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa angalau miezi 18, ukaulizie fao la kukosa ajira, ambalo ni takriban theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Fedha hiyo ndiyo nauli yako ya kutafutia kazi. Mumeo asikasirike: genge lina heshima yake, lakini mtaji wake usitoke kwenye fedha hii kabla hujajaribu milango niliyoitaja.

SWALI: Mimi ni mhitimu wa chuo, mkazi wa Buswelu. Kwenye kundi la WhatsApp nimepata tangazo la kazi za ujenzi wa reli, na ninatakiwa nitume shilingi 30,000 za “fomu na vipimo” ili niitwe kwenye usaili. Nitume?
Mhitimu, Buswelu

JIBU: Usitume. Ni kweli reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka inajengwa na inaajiri watu, na ndiyo maana matapeli wanaitumia. Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji ili amwite kwenye usaili, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo haitozi. Nafasi za serikali hutangazwa kwenye Ajira Portal, ambako akaunti unaifungua mwenyewe kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Namba ya simu iliyokuomba fedha itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha wajulishe wenzako kwenye kundi, maana yupo anayekopa hiyo 30,000 sasa hivi.