Jibu: Meneja karudi likizo, bado yuko hoi

Habari ndugu. Umesema meneja wa SACCO unayemnoa alipewa likizo ya siku 14, karudi, na ndani ya wiki yuko palepale: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, vikao anavikwepa.

Malengo usiyaguse kwanza. Muulize usingizi, presha, pombe, na kama huwaza heri asingekuwepo duniani. Akikubali hilo la mwisho, aonane na daktari siku hiyohiyo. Katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa, Shirika la Afya Duniani linauita uchovu huu wa kazi (burnout) jambo la kazini, si ugonjwa. Ila sonona huja na sura ileile, na kuzipambanua si kazi ya kocha.

Akiwa salama, fungueni kalenda yake ya wiki 2 zilizopita. Kila shughuli itiwe alama: yake mwenyewe, ya kukabidhi, ya kufuta. Kagua sana saini ndogondogo. Kama hata vocha ya mafuta inamsubiri yeye, likizo haikupunguza kitu, ilirundika tu. Hapo bodi ndiyo yenye dawa: impandishie naibu kiwango cha kuidhinisha, kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, mafaili yatarudi mezani kwake. Anzeni na aina 1 ya idhini, kwa mfano mikopo ya dharura, kisha mpitie kalenda upya baada ya wiki 2.