Kabla hujanunua hayo mawaridi, onja maji ya kisima chako

Mkuu, simamisha hiyo oda ya miche 30. Umesema uko Kigamboni, unamwagilia kwa kisima, na muuza maua kakuhakikishia mawaridi hayana kazi kuyatunza. Mimi niko Mbezi Beach, nami niliambiwa hayohayo. Nikanunua miche 40 kwa shilingi 8,000 mmoja. Laki tatu na ishirini! Baada ya miezi minne ulibaki mche mmoja.

Kisima changu kina chumvi. Maji yake yananyweka kwa shida, na sabuni inagoma kutoa povu. Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka kwenye ncha, ukahawia ukatambaa pembezoni kuelekea ndani. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji, kumbe ndiyo nazidi kuyaua. Udongo ukafanya ukoko mweupe, ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka kama magamba ya samaki. Nikampigia muuzaji, akaniambia niongeze samadi. Samadi nayo ina chumvi zake! Yule mtu amesukuma toroli mitaa yetu miaka nenda rudi, maji yetu anayajua, na bado aliniuzia. Mpaka leo nikimwona barabarani roho inaniuma.

Iliyonusurika chumvi ikamalizwa na masika. Mawaridi yamezoea ubaridi wa Arusha. Huku pwani hewa ni nzito, nami nilikuwa namwagia jioni juu ya majani, yanalala yamelowa. Yakapata madoa meusi, yakageuka njano, yakapukutika.

Kwa hiyo onja maji kwanza. Ukisikia chumvi, panda bogenvilia ukutani na msanapiti getini, hiyo inavumilia. Bogenvilia ikishashika usiidekeze, maji mengi yanaipa majani tupu bila maua. Waridi la jangwani nalo weka kwenye chungu chenye mchanga, ulisahau kidogo, maana likizidishiwa maji linaoza shina.

Kama moyo wako uko kwenye mawaridi tu, anza na vyungu viwili, uvimwagilie maji ya mvua au ya bomba, asubuhi, shinani. Tafadhali usinunue 30.

Ule mche wangu mmoja mpaka leo unachanua. Uko chini ya kibomba cha AC ya chumbani, pale yanapodondoka maji yasiyo na chumvi. Nilikuja kugundua mwezi wa tano, mingine yote nikiwa nimeshaing'oa.