Sufuria ya kupikia bia nyumbani: maswali yenu

Wiki hii nimeweka kando maswali ya hamira na ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Wengi mnauliza jambo moja: ninunue sufuria ya lita ngapi?

Nataka kupata lita 20 za bia kwa mara moja. Duka la vyombo hapa mjini lina sufuria ya lita 20 na ya lita 40, na bei zake zimeachana mbali. Hiyo ya 20 haiwezi kutosha? — Msomaji, Lanet, Nakuru

Haitoshi, ndugu yangu. Lita 20 ndizo unazotaka zibaki mwishoni, baada ya moto kuchukua chake. Sufuria pana ikichemka kwa nguvu saa nzima hupoteza lita 3 hadi 4 kwa mvuke, na lita nyingine moja au mbili hubaki chini na machicha ya hopsi. Kwa hiyo unaanza na lita 25 au 26. Halafu kuna povu. Maji ya kimea yakikaribia kuchemka hufura kama maziwa, tena kwa ghafla, kwa hiyo acha robo ya sufuria wazi. Hapo umeshafika lita 34.

Nakuru ina jambo lake pia. Mko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94, si 100. Hopsi hutoa uchungu kwa nguvu ya joto, na hizo nyuzi sita zinazokosekana hupunguza kasi hiyo sana. Maelezo yaliyoandikwa Uingereza au Marekani yakisema dakika 60, mimi nikiwa Nakuru huchemsha 80 au 90. Muda huo wa ziada hula karibu lita 2 nyingine, nazo lazima ziwemo tangu mwanzo. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 96, na tofauti si kubwa hivyo. Wewe wa Lanet nunua ya 40, hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi.

Nasema hivi kwa sababu mara yangu ya kwanza nilijaza sufuria hadi vidole vitatu chini ya ukingo. Ilifurika, ikazima moto, na gesi ikaendelea kutoka jikoni bila mimi kujua mpaka niliposikia harufu. Watoto walikuwa chumba cha pili. Tangu siku hiyo sijazi sufuria kupita robo tatu, na siondoki kando yake kabla povu la kwanza halijatulia.

Chama chetu kina sufuria kubwa ya aluminiamu tunayopikia kwenye harusi na matanga. Haina alama ya lita. Nitajuaje ukubwa wake, na je, aluminiamu haina madhara? — Mama, Kakamega

Chukua futi ya kupimia, mama. Pima upana wa mdomo na kimo kwa ndani, kwa sentimita. Zidisha upana kwa upana, kisha kwa kimo, kisha kwa 0.785, halafu gawanya kwa 1,000. Upana wa 40 na kimo cha 30 vinakupa karibu lita 38. Usipopenda hesabu, mimina maji kwa mtungi wa lita 20 na uangalie yanafika wapi.

Aluminiamu isikutie hofu. Ule weusi hafifu ulio ndani ndio unaoilinda, kwa hiyo usiisugue kwa stiliwaya mpaka ing'ae, wala usiioshe kwa magadi makali. Ikiwa mpya, ichemshie maji matupu nusu saa kabla ya siku ya kupika. Kinachonipa wasiwasi ni pilau. Mafuta yaliyoganda kwenye ukingo yataua povu la bia yako, basi ioshe kwa sabuni na maji moto mara mbili.

Chombo ninachokataa kabisa ni debe la mabati yaliyopakwa zinki, kwa kuwa maji ya kimea yana asidi na asidi huyeyusha zinki. Pia pipa lililowahi kubeba dawa au mafuta ya gari. Hilo halisafishiki.

Huku kwetu shayiri ni shida, lakini mtama na wimbi tunavyo. Sufuria moja itatosha? — Msomaji, Busia

Utahitaji mbili, na swali hili limenifurahisha. Wanga wa mtama hulainika kwenye nyuzi 68 hadi 78, ilhali nguvu ya kimea ya kugeuza wanga kuwa sukari huanza kufa ukipita 70. Ukivitia pamoja, ama mtama unabaki mbichi, ama unaua kimea. Kwa hiyo pika uji wa mtama peke yake, uache upoe hadi karibu 65, ndipo utie kimea. Kilo 3 za unga kwa lita 12 za maji zinataka sufuria ya lita 20 yenye kitako kinene, na mwiko usipumzike, maana uji huo huungua haraka.

Akina mama wanaopika busaa wanalijua hili tangu zamani. Unga wa mahindi uliochachuka hukaangwa kwanza, ndipo ukutane na kimea cha wimbi. Kule kukaanga ndiko kunakoivisha wanga.

Nikipika nyumbani bila kuuza, nina kosa? — Msomaji, Kisumu

Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, inadai leseni kwa kutengeneza pia, si kwa kuuza tu. Nenda ofisi ya leseni za vileo ya kaunti uulize kabla hujanunua chombo chochote.

Nina mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Utabeba lita 30? — Msomaji, Bungoma

Tafadhali usijaribu. Lita 30 ni kilo 30 na zaidi za maji yanayochemka, juu ya kitu chembamba kinachoyumba. Kwa kiasi hicho tafuta jiko la gesi la chini lenye miguu mipana, na uhesabu karibu kilo moja ya gesi kila unapopika. Ukikosa jiko la namna hiyo, pika lita 10 tu katika sufuria ya lita 20, lakini hata hiyo iweke kwenye jiko lililo chini, juu ya sakafu iliyo sawa. Ikishaiva, watu wawili wanaweza kuinyanyua kwa vitambaa vikavu na kuiingiza kwenye karai la maji baridi. Badilisha maji ya karai kila yanapopata moto, na usitie hamira kabla sufuria haijapoa kiasi cha kutosikia joto ukiishika kwa mkono mtupu.