Nguo ya Kuchezea Moto: Choma Kipande Kabla Hujashona

Msimu wa watalii ukianza huku Pwani, vikundi vya sarakasi hupata sura mpya: vijana wanaotaka kucheza limbo chini ya ufito wa moto, au kuzungusha minyororo yenye tambi zinazowaka. Wengi huulizia mafuta kwanza. Nguo hawaziulizii kwa sababu wanazikuta sandukuni: madoa ya chui, manyoya bandia miguuni, kaptula za kubana. Zinapendeza kwenye taa, lakini nyingi hazifai kusogezwa karibu na moto.

Kuungua na kuyeyuka ni mambo mawili. Pamba hushika moto, hilo halina ubishi, ila ukiuwahi kwa taulo bichi unazimika na unabaki na majivu. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi, ikawa uji mzito unaoganda kwenye ngozi na kuendelea kuichoma hata mwali ukishazimika. Nailoni ni vivyo hivyo. Kwa hiyo zile suruali za kubana tunazozipenda kwa limbo kwa kuwa zinavutika ndizo mbaya zaidi, maana zimelala juu ya ngozi yenyewe. Kitambaa kikishagandia mwilini usikibandue. Mwagia maji ya bomba dakika 20, kisha hospitali.

Utajuaje ni kitambaa gani? Nguo nyingi za mitumba hazina lebo, na muuzaji atakuapia kuwa ni pamba tupu. Usibishane naye. Kata kipande kidogo kwenye pindo, kishike kwa koleo juu ya sinia la bati, uwe nje, ukiwashe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanapukutika. Sufu inajikunja, inanuka nywele, na ukiondoa kiberiti aghalabu inajizima. Poliesta inasinyaa kama inaukimbia moto, inatoa moshi mweusi na kudondosha matone, na ikipoa inaacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa kidole. Ukikuta majivu yenye chembe ngumu ndani, huo ni mchanganyiko. Ukatae pia.

Jaribio hili litakuvunja moyo mara nyingi. Shuka za Kimasai anazozipenda mtalii, nyingi siku hizi ni akriliki, yaani sufu ya bandia, na akriliki huwaka kwa ukali. Kanga na vitenge vya pamba vipo, lakini vya poliesta vyenye maua yaleyale vimejaa madukani. Jinzi nzito inafaa sana, mradi isiwe ya kuvutika. Sketi za katani ziacheni kwa ngoma za kawaida.

Pamba yenyewe haifanani. Chagua nzito, iliyofumwa ikashikana. Kanga nyepesi inayopepea huwaka upesi kwa sababu hewa inaipata pande zote. Mikono mipana na mashada vivyo hivyo. Unaweza kuloweka nguo ya pamba kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki, dawa mbili za unga zinazofanya pamba isishike moto upesi, sehemu 7 kwa 3 kwa uzito, ukaianika bila kuisuuza. Kinga hiyo hutoka ukifua, kwa hiyo utairudia.

Wapo wanaonung'unika kwamba dawa inakakamaza nguo na kuifubaza. Ni nung'uniko la zamani. Mcheza baleti Emma Livry alikataa sketi zilizotiwa dawa kwa sababu hizohizo, na Novemba 1862, mazoezini kwenye Opera ya Paris, sketi yake ikashika moto wa taa ya gesi. Alifariki mwaka uliofuata.

Nguo za ndani nazo ziwe pamba. Rasta za kusukia ni plastiki, kwa hiyo funga kilemba cha pamba kilicholoweshwa. Petroli usiiguse kabisa. Na hata sufu haikuokoi ikiwa imelowa mafuta ya taa: tambi ikamuliwe hadi iache kudondosha ndipo iwashwe, na aliyerukiwa na mafuta abadilishe nguo kwanza.

Halafu mtazame mwenzenu anayesimama pembeni na taulo bichi. Mara nyingi utamkuta na jezi ya mpira, poliesta tupu, na ndiye atakayekurukia ukishika moto. Avue hiyo jezi kabla hamjawasha chochote.