Kwani oksijeni si siku zote ni -2?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, Morogoro. Kwenye jaribio la mwezi tuliulizwa namba ya oksidesheni (yaani elektroni ngapi atomu inahesabiwa imetoa, +, au imepokea, -) ya kila elementi kwenye H₂O₂, haidrojeni peroksaidi. Nikaweka oksijeni -2 kama tulivyofundishwa, ziko mbili jumla -4, basi haidrojeni kila moja ikawa +2. Nikapigwa mkasi! Mwenzangu kaandika oksijeni -1 kapata vema, nikimuuliza kwa nini anasema ndo ilivyo. Halafu chuma kwenye Fe₃O₄ kila nikipiga napata 8/3, hapo nako nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu yako haina tatizo, tatizo ni pa kuanzia. Haidrojeni ina elektroni moja tu mfukoni, sasa hiyo ya pili unayoidai itaitoa wapi? +2 kwa haidrojeni haipo, ukiipata popote ujue umeteleza, rudi nyuma.

Zile kanuni mnazokariri zina ukubwa na udogo, na hili walimu wengi tunalipita haraka. Florini ni -1 na haibishani na mtu, metali za kundi la kwanza kama sodiamu na potasiamu +1, za kundi la pili +2, ndipo inakuja haidrojeni +1, na oksijeni na -2 yake iko mwisho kabisa wa foleni. Zikigongana, ya juu inashinda. Kwa hiyo kwenye H₂O₂, ambayo haina chaji na jumla yake lazima iwe 0, haidrojeni mbili zinatoa +2, oksijeni mbili zinagawana -2, kila moja -1. Na si ndo ilivyo tu, ni kwamba oksijeni hizo mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na wenye nguvu sawa hawanyang'anyani elektroni, kila moja imepata ile moja tu ya haidrojeni yake. Kwenye OF₂ ndo kabisa, oksijeni inakutana na mbabe wake inakuwa +2. Haidrojeni nayo kwenye NaH inashuka hadi -1 maana sodiamu iko juu yake.

Tuje kwenye Fe₃O₄. 8/3 ni sahihi, sema ni wastani. Ukiifungua ndani kuna chuma kimoja cha +2 na viwili vya +3, jumla 8, gawa kwa tatu unapata hiyo hiyo yako. Hakuna atomu inayotembea na theluthi ya elektroni. Wastani unadanganya zaidi kwenye NH₄NO₃, ile iliyomo kwenye mbolea ya CAN, ukipiga kwa mkupuo naitrojeni inatoka +1 wakati hakuna naitrojeni ya +1 humo. Zitenganishe kwanza, NH₄⁺ naitrojeni ni -3, NO₃⁻ ni +5.

Hizi namba unaweza hata kuziona kwa macho. Kwenye KMnO₄, potasiamu +1, oksijeni nne -8, manganizi lazima iwe +7, na ndo ile zambarau iliyokolea kwenye bureti, ule mrija wa kupimia na kudondoshea kimiminika maabara. Ikidondokea kwenye asidi yenye chuma cha +2 inapokea elektroni tano, inashuka hadi +2, rangi inapotea hapo hapo. Na ukimwagikiwa mkononi, mimi yalinikuta nikashinda na vidole vya kahawia utadhani nimemenya ndizi mbichi, ile kahawia ni MnO₂, manganizi imeishia +4.

Ila angalia chaji. Cr₂O₇²⁻ (dikromati) ina chaji ya -2, ile 2⁻ ya juu, kwa hiyo jumla yake ni -2 na sio 0. Oksijeni saba zinabeba -14, kromiamu mbili zinabaki na +12, kila moja +6. Ukiisahau hiyo -2 unapata +7, na kwa kuwa manganizi nayo ilikuwa +7 unaiona imekaa vizuri kabisa, unafunga daftari unaenda kulala.